Kutoa choki, kutia LED: shajara ya taa za msikiti wetu, Wete

Jumamosi, 5 Rajab

Leo nimeanza rasmi kazi ya taa za msikiti na chuo chetu cha Qur'ani hapa Wete, Pemba. Naandika kwa sababu tulipobadilisha feni mwaka ule hakuna aliyeandika kitu, na mpaka leo watu wanabishana barazani nani alitoa nini na kilinunuliwa nini. Safari hii kila kitu kitakuwa humu, na makosa yangu yamo.

Nimehesabu tyubu za futi nne ziko 24, chini 14 na juu chuoni 10. Zinazowaka sawasawa 11 tu. Zilokufa kabisa 9, na 4 zinakonyeza, zinawaka zinazima zinawaka zinazima mpaka watoto wamezipa jina, wanaziita "disko". Kuna nene na nyembamba, zile nene za milimita 38 zimeandikwa wati 40 na nyembamba za milimita 26 zimeandikwa wati 36, na mtu akisoma pale anaamini taa moja inakula 36 basi. Haili 36 wallahi. Nyuma ya kila tyubu kuna choki, lile dude zito la chuma na shaba, na lenyewe linakula lake, linaligeuza joto huko juu darini ambako halimfai mtu.

Sikutaka kubishana kwa mdomo nikaenda kwenye mita. Mita ya Tukuza, hii ya umeme wa kulipia kabla, ina kitaa kidogo chekundu kinachopiga, na yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kikipiga mara 1000 yuniti moja imekwenda. Nikazima feni zote, nikazima amplifaya, nikachomoa friji ya maji, nikatoa stata, kile kikopo kidogo cha kuiwashia tyubu, kwenye zile zinazokonyeza (usizione hivyo, kukonyeza kwao ni kula umeme vile vile), nikaacha zile nzima 11 peke yao. Nikakaa chini ya mita na saa ya simu. Dakika 5, vipigo 41. Zidisha mara 12 upate saa nzima, 492. Gawa kwa 11, inakuja karibu wati 45 kila taa.

Dogo ninayefanya naye kazi aliniangalia kama nimechanganyikiwa, ati fundi mzima nimekaa ukutani nahesabu kitaa. Nikamwambia kaa, utakuja kuniambia.

Jumapili, 6 Rajab

Baraza baada ya Alasiri. Imamu, mshika fedha, maalim wa chuo, wazee wanne, na Bi Mkubwa aliyekuja kuzungumza kwa niaba ya upande wa wanawake, na ndiye aliyesema la maana kuliko wote: "Sisi huku nyuma hatuna taa hata moja, tunasoma msahafu kwa mwangaza wa dirishani, Maghrib ikiingia tunafunga." Pakawa kimya kidogo.

Mawazo yalikuwa mawili. La kwanza, tununue tyubu zile zile na stata mpya, rahisi, tumezizoea. La pili LED. Tyubu nzuri ya LED nimeuliza bei, ni karibu mara tatu ya ile ya kawaida, kwa hiyo mshika fedha alikuwa kambi ya kwanza na sikumlaumu, pesa ya msikiti ni amana.

Mie nikaeleza mambo mawili. Moja ni zebaki. Ndani ya tyubu ya kawaida mna zebaki, kidogo sana, miligramu chache, lakini imo, na ndiyo inayofanya kazi: umeme unapita kwenye mvuke wa zebaki, mvuke unatoa mwanga usioonekana, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaougeuza uonekane. Dunia nzima wanaziondoa. Kuna mkataba unaitwa wa Minamata, jina la mji huko Japani ambako watu waliangamia kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, na sie watu wa Pemba habari ya samaki hatuhitaji kutafsiriwa. Mkataba ulipitishwa 2013, Tanzania nayo imo, na 2023 kule Geneva nchi zilikubaliana mwisho wa kutengeneza na kuingiza tyubu hizi uwe 2027. Kwa hiyo tukitia za zamani leo, baada ya miaka michache tutazunguka soko zima la Darajani tukitafuta tyubu na stata kama mtu anayetafuta kanda za redio.

La pili ni volteji. Hili ndilo lililowashika wazee na mie sikulitegemea. Mtaa wetu uko mwisho wa laini, nyumba zimeongezeka, Maghrib kila mtu anawasha na volteji inalala. Jana saa 12 na nusu nilipima 181 badala ya 230. Tyubu ya choki ili iwake stata inafunga, nyuzi za ncha zinapata moto, stata inaachia, choki inapiga teke la umeme ndipo taa inashika. Volteji ikiwa chini lile teke halina nguvu, basi stata inajaribu tena, na tena, ndiyo disko hiyo. Na kila ikijaribu ncha zinaungua zaidi na tyubu inakufa mapema. LED ina drayva ndani, kidude cha kuupanga umeme, hizi ninazozitaka zimeandikwa volti 85 mpaka 265, volteji ikipanda au kushuka humo katikati mwangaza ni ule ule.

Mzee mmoja akacheka akasema yeye anakumbuka umeme wa majenereta ya Wesha kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kuja 2010, "huo wa sasa ni asali." Kweli mzee. Lakini asali nayo ina msimu.

Mshika fedha akauliza swali lake moja: umeme utapungua kiasi gani? Nikajibu haraka haraka, zaidi ya nusu. Akaandika kwenye daftari lake. Naandika na mie hapa kwamba nilisema hivyo.

Wamekubali LED. Iwe tayari kabla ya Ramadhani.

Jumamosi, 12 Rajab

Sampuli mbili. Moja ya bei ya chini, nyengine ya bei yake. Zote mbili boksi limeandikwa wati 18.

Ile rahisi ukiishika ni nyepesi kama bua. Nimeazima kimita cha kuchomeka kwenye soketi kwa rafiki yangu wa sola, ikasoma wati 11. Wati 18 za kwenye boksi zimebaki kwenye boksi. Halafu nikafungua kamera ya simu nikaielekeza kwenye taa, mistari meusi inapita kwenye skrini kama mawimbi, maana yake inatetemeka, jicho halioni ila kichwa kinajua, na chuoni watoto wanasoma saa mbili mfululizo. Ya pili ikasoma 18, kamera haina mistari. Nimechukua ya pili.

Kwa haki ya Mungu niseme na hili maana wauzaji hawalisemi. Tyubu ya kawaida ya wati 36 ikiwa mpya kabisa inatoa mwangaza mwingi kuliko LED ya wati 18 ukihesabu lumeni tu, yaani kipimo cha mwangaza. LED yetu boksi linasema 1800, na ile ya kawaida mpya inapita 2500. Lakini tyubu ya kawaida inamwaga pande zote, nusu inapanda juu kwenye bati la taa, na bati letu limeliwa na chumvi ya bahari limekuwa rangi ya chai, halirudishi kitu. LED inatazama chini tu. Nimeziwasha pembeni kwa pembeni nikamwita maalim bila ya kumwambia ipi ni ipi, akaichagua LED. Tena zetu za zamani si mpya, zile zenye ncha nyeusi hata nusu ya mwangaza wake hazitoi.

Rangi ya mwanga nimechagua 4000 (kelvini), si ile nyeupe ya buluu ya 6500 ambayo Mzee wa pembeni anasema inamfanya ahisi yuko kwenye duka la simu.

Jumamosi, 19 Rajab

Mzigo umefika. Tyubu 26, mbili za akiba. Zimenunuliwa Unguja, zikapanda boti mpaka Mkoani, kutoka Mkoani zikapanda gari ya abiria mpaka Wete zimelazwa juu ya mapaja ya watu kama maiti, maana kwenye keria nilikataa. Moja imepasuka. Hizi ni za kioo, ziko za plastiki ambazo hazipasuki ila za plastiki nimeona kwengine zinapinda kwa joto na kuanguka kwenye holda, nikaona bora kioo. Iliyopasuka nimeikusanya kwa mkono nikatia jaani, ndani mna ukanda wa taa ndogo ndogo tu, zebaki hamna.

Watoto wa chuo walijazana kuangalia. Mmoja akauliza kwa nini taa zenyewe ukiziangalia zina rangi ya manjano na zikiwaka ni nyeupe. Swali zuri hilo! Ile taa ndogo ndani kwa asili ni ya buluu, na juu yake wamepaka unga wa manjano, buluu na manjano vikichanganyika jicho linaona nyeupe. Na hiyo buluu ndiyo iliyosumbua miaka mingi, nyekundu na kijani walikuwa nazo zamani, buluu haikupatikana mpaka Akasaki, Amano na Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, wakaipata, na 2014 wakapewa Nobel ya fizikia. Nikaona yule mtoto ameliandika jina la Nakamura kwenye ubao wake wa hijai. Maalim hakufurahi.

Jumamosi, 26 Rajab

Siku ndefu. Usiku huu ni wa kuamkia Miiraji, kuna mawaidha baada ya Isha, watu watajaa, na sie tumeanza chini tangu baada ya Alfajiri. Haraka haraka haina baraka, na leo nimeiona kwa macho.

Kwanza nilivyofanya. Tyubu hizi zinakuja na stata yao ya LED, ambayo si stata kweli, ni fyuzi tu imevaa nguo za stata. Ukitaka njia ya mkato unatoa tyubu ya zamani, unatoa stata ya zamani, unatia hii mpya na tyubu mpya, dakika mbili umemaliza na waya hukugusa. Mafundi wengi wanaishia hapo. Mie nimekataa. Choki ikibaki inaendelea kula wati moja au mbili bure, inavuma, na zetu nyengine zimezeeka mpaka lami yake imeyeyuka imechuruzika kwenye dari. Siku choki ikiungua utakuja kuilaumu LED. Kwa hiyo zote 24 nazifungua, choki nje, kapasita nje, holda ya stata nje, laini na nyutro zinakwenda moja kwa moja kwenye holda ya upande mmoja, na upande wa pili holda inabaki kushikilia tyubu tu, haina waya.

Nimekuta na jambo jengine. Nimezima swichi, nimetia testa kwenye holda, testa inawaka. Saketi tatu zimefungwa kinyume, swichi inakata nyutro badala ya laini. Aliyezifunga sijui ni nani na hata ningejua nisingesema. Kwa tyubu za zamani hakuna aliyetambua, taa inazima, basi. Kwa LED utaliona, swichi umezima na taa inabaki na kimwangaza kama kimulimuli usiku kucha. Na hatari yake kubwa ni kwa anayepanda ngazi akiamini kuzima swichi kumetosha. Mie huzima breka kuu, nafunga kisanduku, ufunguo nautia mfukoni, hata imamu akiuomba simpi. Swichi hizo tatu nimezigeuza, zimenila saa moja na nusu.

Sasa kosa. Tyubu hizi zina kichwa na mkia. Kichwani ndiko unakoingia umeme, pameandikwa L na N, mkiani pini zake mbili zimeunganishwa kwa ndani. Taa ya 9 dogo aliipachika kichwa chini mkia juu, mkia ukaingia kwenye holda yenye umeme. Nikarudisha breka. PAH! Breka ikaanguka, ncha ya tyubu imekuwa nyeusi, na mzee aliyekuwa akitawadha nje akaanza kusoma ayatul kursiy kwa sauti. Dogo hana kosa, kosa langu, sikumwonyesha, nilimwambia tu "pachika." Akiba ya pili imekwenda. Tyubu 26, moja boti, moja haraka, zimebaki 24 na nafasi ni 24.

Baada ya hapo nimeshika kalamu ya wino mzito, kila bati nimeandika pembeni "LED TU" na mshale unaoonyesha upande wa umeme. Ni lazima hilo. Kwa sababu mimi leo najua, lakini miaka mitano mbele atakuja mtu na tyubu ya zamani mkononi aipachike humu, waya za ncha yake zipate volti 230 nzima, na hiyo si ya kuanguka breka tu, inaweza kumripukia usoni.

Za chini zote 14 zimewaka kabla ya Maghrib. Jambo la kwanza walilolisema watu si mwangaza, ni kimya. Choki 14 zilikuwa zikivuma juu yetu miaka yote hiyo na tulishazoea tukadhani ndiyo sauti ya msikiti. Imamu alipotoa salamu mwisho wa sala nilisikia mpaka mnazi nje.

Jumamosi, 3 Shaaban

Juu chuoni, 10. Hakuna la kuandika, tumemaliza saa 9. Dogo amepachika zote mwenyewe na hakukosea hata moja, na kila moja alisema kwa sauti "kichwa hapa," kama mtu anayesahihisha mtihani.

Nimehamisha taa mbili zilizokuwa zimebanana mbele nimezipeleka upande wa wanawake. Bi Mkubwa alikuja baada ya Maghrib, akakaa, akafungua msahafu wake wa herufi ndogo, akasoma, hakusema kitu. Alipotoka ndipo akasema, "Kumbe si macho."

Vipigo leo, taa zote 24 zinawaka na vyengine vyote nimezima: dakika 5, vipigo 36. Zile 11 za zamani zilikuwa 41. Nimemwambia dogo ahesabu mwenyewe, akahesabu mara mbili.

Jumamosi, 10 Shaaban

Hizi tyubu kuukuu zimenipa taabu kuliko mpya. Ziko 24, vijana wanataka wazipasue jaani maana zinalia vizuri zikipasuka, na wallahi na mie nikiwa mdogo nimezipasua nyingi. Nimekataza. Nimezirudisha kwenye maboksi ya zile mpya, urefu ni ule ule, zile nene nimezifunga kwa gazeti, zimesimamishwa stoo ya jeneza ambako watoto hawaingii kwa hiari yao.

Moja ilipasuka ngazini. Nilichofanya: watu wote nje, madirisha wazi, tukangoja robo saa. Usichukue ufagio, ufagio unarusha ule unga hewani. Nimekusanya vipande kwa kadi mbili za boksi, vumbi nikaliokota kwa gundi ya tepu na karatasi mbichi, yote kwenye chupa yenye mfuniko. Kidogo kile hakiui mtu, lakini ndani ya nyumba ya ibada ambamo watu wanasujudu, pua iko chini kabisa, mie sitaki.

Wapi pa kuzipeleka bado. Nimekwenda ofisi moja nikaambiwa nirudi wiki ijayo, mwengine akaniambia zichomeni moto, nikamshukuru nikaondoka. Zitakaa stoo mpaka nipate jawabu la maana.

Choki ni habari nyengine, chuma na shaba, mnunuzi wa vyuma chakavu amezibeba zote 24 hakuacha hata skrubu. Pesa yake imenunua breka mpya.

Wadudu wamepungua, si kwamba wameisha. Tyubu za zamani zinatoa kidogo ule mwanga usioonekana ambao wadudu wanaupenda, LED karibu haina. Baada ya mvua ya juzi kumbikumbi walikuja lakini si lile zulia la mbawa la siku zote. Mijusi kafiri wa ukuta wa kibla wanaonekana kukonda.

Alkhamisi, 29 Shaaban

Leo watu wako nje wanatazama mwezi na mshika fedha yuko ndani ananitazama mie.

Ameleta daftari. Mfungo tisa, kabla ya kazi kuanza, msikiti ulikula yuniti 131. Shaaban hii 122. "Fundi, ulisema zaidi ya nusu. Hizi ni 9." Na kweli alikuwa ameandika pale, zaidi ya nusu, tarehe na jina langu.

Nilihisi jasho. Nikaomba karatasi. Kwanza, nikamwambia, 131 si za taa peke yake, mna feni mna friji mna amplifaya, hizo sikuzigusa. Taa zetu zinawaka kama saa 5 kwa siku, Alfajiri na kuanzia Maghrib mpaka chuo kinapofunga. Zile 11 zilizokuwa zikiwaka, kwa wati 45, ni karibu yuniti 74 kwa mwezi. Hizi 24 za sasa, kwa wati 18, ni karibu 65. Hiyo ndiyo 9 yako, iko pale pale, mita haikusema uongo na mie sikusema uongo ila nilisema nusu ya maneno.

Maana ukipima haki kwa haki unalinganisha taa 24 na taa 24. Tungetia tyubu mpya za zamani zote 24, kama lilivyokuwa wazo la kwanza, zingekula wati 1080, yuniti 162 kwa mwezi kwa taa peke yake. Bili yako ingepanda kwa yuniti 88 na ungenifuata vile vile. Tulikuwa tunalipa 74 tukikaa nusu giza, sasa tunalipa 65 na hakuna kona yenye giza. Ile nusu niliyoiahidi imo, imekwenda kuwasha taa 13 ambazo zilikuwa zimekufa au zinakonyeza.

Alikaa kimya akipiga hesabu tena kwa kalamu yake. Halafu akasema, "Ungesema hivi siku ile." Hilo sina jibu lake. Ningesema hivi siku ile. Ukiona mtu anauza LED kwa maneno "bili itashuka nusu," mwulize kwanza taa ngapi za zamani zinawaka hivi sasa.

Mwezi umeonekana. Kesho tunafunga.

Ijumaa, 8 Ramadhani

Tarawehe, msikiti umejaa mpaka barazani. Jana nimepima katikati ya sala (nilikuwa safu ya nyuma, Mungu anisamehe, nilipima kabla ya kuhirimia), 176. Feni zinazunguka kama mtu aliyekula daku nyingi. Taa hazikutikisika hata moja. Mzee yule wa majenereta ya Wesha akanigusa bega akanyoosha kidole juu, basi.

Usiku wa juzi umeme ulikatika, na uliporudi ukarudi kwa kishindo, ukarudi ukakatika ukarudi, na taa ya 6 ikafa. Hili ndilo doa la LED. Choki ni chuma, inastahimili kipigo, drayva ya LED ina vijikapasita laini na umeme ukiruka ndivyo vinavyotangulia. Boksi linasema saa 25,000, hizo ni za umeme uliotulia, kwetu tuone. Nimeagiza tatu nyengine Unguja pamoja na kinga ya mruko wa umeme ya kufunga kwenye kisanduku kikuu. Ningeitia mwanzo, sikuwaza.

Kukatika huko kumeleta wazo jengine. Taa 6 zikiwa na betri, 4 chini na 2 kwa wanawake, ni wati 108, kwa saa 3 ni kama wati-saa 324. Betri moja ya volti 12 ya 100Ah ina kama 1200, ukiila nusu tu ili isife mapema bado inatosha na kubaki, hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Kwa taa za zamani taa hizo 6 zingekuwa 270, saa tatu 810, ungehitaji betri mbili na inveta kubwa zaidi ya kubeba mshtuko wa choki. Nimeliandika kwenye karatasi nimempa mshika fedha na hesabu yote kuanzia juu mpaka chini. Sikutaja nusu.

Ijumaa, 15 Ramadhani

Taa ya 6 imerudi, kinga imefungwa.

Baada ya tarawehe natafuta viatu vyangu, namwona mshika fedha amekaa kwenye jamvi chini ya mita, saa ya mkono ameivua ameishika kiganjani, midomo inacheza. Nikangoja. Akainua kichwa. "Nimezima kila kitu zimebaki taa. Dakika 5. Vipigo 37."

Nikamwambia Mzee, kimoja hicho ni mwanzo wa kuhesabu, hutegemea umeanzia wapi.

"Nimehesabu mara tatu." Akanyanyuka, akavaa miwani, akazunguka msikiti mzima akigusa soketi moja moja. Akaikuta amplifaya, swichi ya mbele imezimwa lakini nyuma inawaka, imechomekwa, ya moto moto. Akaichomoa, akarudi akakaa chini ya mita.

Nimemwacha akihesabu.